Swichi za smati: nichukue mfumo gani usije ukafa mikononi?

SWALI: Kaka habari ya kazi. Najenga Kigamboni, fundi umeme anaanza kupitisha waya wiki ijayo. Kule nilikopanga niliweka swichi za Wai-Fai, kampuni ikazima sava yake, apu haifunguki tena. Sasa kwenye mifumo ya vifaa vya smati kuwasiliana, huyu ananiambia Zigbee, yule Z-Wave, mwingine nisubiri Matter. Nishike lipi?

JIBU: Pole sana ndugu yangu, hiyo imewakuta wengi. Kampuni ya Nest iliinunua kampuni ya Revolv 2014, habu yake, yaani kile kifaa cha kuunganisha vifaa vyote vya smati nyumbani, ilikuwa inauzwa dola 299, Mei 2016 sava ikazimwa, habu ikabaki pambo la kabatini. Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya smati, nao Aprili 2022 sava zilipotea ghafla bila taarifa, ila waliokuwa wanaendesha vifaa vyao kwa kompyuta ya nyumbani waliendelea kuwasha taa kama kawaida. Kwa hiyo dukani uliza hivi kwanza, bando likiisha taa inawaka au haiwaki? Muuzaji akianza kuzungukazunguka we ondoka tu.

Mimi ningechukua Zigbee, inatumia masafa ya redio ya GHz 2.4 karibu dunia nzima, ununue ya China ununue ya Ulaya sawa tu. Z-Wave sina ugomvi nayo ila masafa yake yanabadilika kwa nchi, ya Marekani iko 908 MHz ya Ulaya 868, haziongei, sasa ukamwagizie shemeji aliyeko Texas utakuja kulia. Matter toleo la kwanza lilitoka Oktoba 2022, imeundwa ifanye kazi humohumo ndani bila sava ya mtu, nzuri, ila kusubiri ienee ndo usimamishe ujenzi? Hapana bana.

Kontrola, yaani kinachoziendesha swichi zote, weka programu ya Home Assistant kwenye kompyuta ndogo ya mtumba, ni ya bure, msimbo wake (code) uko wazi kwa yeyote, ipo tangu 2013 na tangu 2024 iko chini ya Open Home Foundation, taasisi isiyo ya faida. Unachomeka na kile kifaa cha Zigbee cha USB, kama fleshi hivi.

Halafu fundi mwambie leoleo ashushe nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye kila boksi la swichi, maana wengi wanashusha laivu (waya wenye moto) tu na swichi nyingi za smati bila nyutro haziwaki. Chagua zinazobonyezeka kwa mkono, wageni hawana apu yako. Na kwenye mipangilio weka zibaki zimezima umeme ukirudi, la sivyo Tanesco wakirudisha saa nane usiku nyumba nzima inawaka.