Bastola ya babu na bastola ya kazi

Umeuliza mbona Wamarekani huizungumzia bastola ya Colt 1911 kama jamaa yao, ilhali ile ya Glock wanaitaja kama bisibisi. Kwangu mimi ni historia kwanza. Ile 1911, kazi ya mbunifu wa silaha John Browning, ilikuwa bastola rasmi ya jeshi la Marekani kuanzia 1911 hadi 1985. Imepitia vita vikuu viwili vya dunia, Korea na Vietnam. Mtu akiishika ni kama anaushika mkono wa babu yake. Halafu ni chuma kitupu, mpini una vipande vya mbao vinavyong'arishwa na viganja, rangi inachujuka pembeni, na inataka kutunzwa. Kitu ulichokihangaikia hukiachi kirahisi (muulize mwenye Land Rover ya zamani).

Glock 17, iliyoingia jeshi la Austria mwanzoni mwa miaka ya 1980, ina fremu ya plastiki ngumu, inabeba risasi 17 badala ya 7, na haideki. Ikiharibika unanunua nyingine ileile. Kikazi ni bora, sibishi. Ila sijasikia mtu akimrithisha mjukuu Glock huku sauti ikimtetemeka, labda miaka 50 ijayo.