Usitoke na begi usiku ule

Wiki hii mmeuliza: "Mwanamke aliyeachwa ana haki gani za mali katika Uislamu, na mbona wengi hawazipati?" Nimelisoma swali nikiwa juu ya cherehani, nikaliacha gauni la watu halijakunjwa upindo. Nusu ya kwanza masheikh watawajibu vizuri kuliko mimi. Hiyo nusu ya pili ndiyo yangu, maana nilizipoteza mwenyewe, hapa hapa Ngamiani, Tanga, mwaka 2016.

Niliachwa baada ya isha, talaka moja, kwa karatasi. Haijagonga saa nne, mjomba wangu keshafika na kirikuu. Shangazi zangu wawili wamo ndani, hasira zimewapanda. "Vaa baibui twende, hatujashindwa kukulisha!" Godoro, masufuria, mabegi mawili, watoto walikuwa wamelala, wakabebwa vivyo hivyo. Mimi nilijiona nimeheshimiwa. Kumbe usiku ule nafaka yangu, yaani matumizi anayodaiwa mume, niliitupa kwa mkono wangu.

Aya ya kwanza ya Sura ya Talaka inawakataza waume kuwatoa wake zao majumbani kabla eda, ule muda wa kungoja baada ya talaka, haijaisha, na wake nao inawakataza kutoka. Tena inasema majumba "yao", yaani ya hao wanawake, ingawa kodi analipa mume. Katika talaka rejea kama yangu, ile ambayo mume bado anaweza kumrudia mke ndani ya eda, mke bado yumo katika hukumu ya mke: anakula, anavaa, analala pale pale kwa gharama ya mume. Hata mume akifa kabla eda haijaisha, anamrithi. Akiondoka bila udhuru, nafaka inaanguka. Udhuru ni kama kupigwa, kufukuzwa au kuhofia roho yake. Hasira za shangazi hazimo.

Baada ya mwezi na kitu tukakaa mbele ya masheikh. Nilieleza kwa kirefu, nikalia kidogo. Mwenzangu akajibu maneno mawili tu: "Aliondoka mwenyewe." Sikuwa na la kusema. Gari lilikuwa la mjomba wangu, na barabara nzima ililiona.

Ndiyo maana wakisema wanaume ndio wanaotudhulumu, naitikia, lakini naongeza: na watu wetu wanawasaidia. Kwetu sisi watu wa pwani, binti akiachwa ukoo huona aibu kumwacha siku moja zaidi kwa mwanamume yule. Ati tutaonekana tunaomba. Kudai haki ndiko kuomba?

Eda yenyewe si ndefu. Anayepata hedhi hukaa tohara tatu, yaani vipindi vitatu vya kuwa safi baina ya hedhi, aliyekoma hukaa miezi mitatu, mjamzito mpaka ajifungue. Aliyeachwa talaka tatu, kwa sisi tunaomfuata Imamu Shafi, makazi anayo lakini chakula hana, isipokuwa akiwa na mimba.

Mahari hayaangushwi na kutoka nyumbani, na hapo ndipo nilipopona. Yangu yalikuwa msahafu na cherehani ya miguu. Msahafu nilipewa siku ya ndoa, mwaka 1998. Cherehani ikaandikwa deni. Miaka kumi na minane sikuikumbusha, kwani nani anamdai mumewe cherehani wakati watoto wana homa? Mwenzangu akadai imeshapita, tumeishi, tumezaa. Sheikh mmoja mzee akakitaka cheti cha ndoa, akavaa miwani, akasoma polepole mpaka kwenye neno "deni", akakikunja. "Dawa ya deni ni kulipa, mwanangu," akamwambia. Ililetwa kwa baiskeli siku ya Jumanne, haina mkanda. Mkanda nilinunua mwenyewe. Ndiyo hii ninayoshonea.

Mliochumbiwa, hakikisheni kilichotolewa na kilichobaki vimeandikwa kwenye cheti. Aliyekwisha kuingiliwa anastahiki mahari yote; aliyeachwa kabla ya hapo, nusu ya yaliyotajwa.

Kuna na mutaa, kile cha kumliwaza aliyeachwa, ambacho Sura ya Al-Baqara inakitaja. Kwa Mashafi ni wajibu hata kwa mke aliyekwisha kuingiliwa, ikiwa kuachana hakukusababishwa na yeye, na kadiri yake huangaliwa uwezo wa mume na hali ya mke. Mimi sikukijua, sikukidai, sikupewa. Mtaani kwangu sijamwona mwanamke aliyepewa bila kukitaja kwa mdomo wake, basi kitajeni.

Mwenye haraka ya kutoka naye aangalie. Mke akiomba khului hujikomboa kwa mali, mara nyingi kwa kurudisha mahari. Wapo wanaume wanaolijua hilo, hawatoi talaka ng'o, wanamsumbua mke mpaka ainunue. Qur'ani imekataza kuwabana wake ili kuwanyang'anya walichopewa. Ukifikishwa hapo usikubali bei chumbani. Nenda kwa kadhi ukaeleze unayotendewa.

Matumizi ya watoto ni ya baba hata wakilala kwa mama yao, na anyonyeshaye baada ya eda ana ujira wake. Hilo halina mjadala.

Mjadala upo kwenye nyumba. Katika fiqhi, yaani sheria ya dini, kila mmoja ana chake, ndoa haichanganyi mali. Wanaume huishia hapo kusoma. Lakini kama kila mmoja ana chake, mabati niliyonunua kwa pesa za vitumbua na sare za madrasa ni ya nani? Risiti ninazo, kwenye kopo la biskuti, mabati na misumari. Sikuyatoa zawadi. Na nitachokoza kidogo: vitabu vya Mashafi havimlazimishi mke kupika wala kufagia. Wanaume wa barazani hili hawapendi kulisikia, hubadilisha mazungumzo wakaingia kwenye mpira.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, kifungu cha 114, inaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango. (Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa sababu ya pesa alizopewa na mumewe akazitapanya; wanaomtaja hupenda kuiruka sehemu hiyo.) Lakini karatasi ya talaka peke yake haikufikishi huko. Unaanza baraza la usuluhishi, likishindwa linakupa hati, ndipo unakwenda Mahakama ya Mwanzo. Makadhi wetu wa Bara hawana nguvu ya serikali ya kukaza hukumu kama wale wa Unguja na Pemba. Mwanamume akisema "silipi", sheikh atamnasihi tu.

Mabati yangu bado tunayazungumza.

Jirani yangu aliachwa talaka moja mwezi uliopita. Kaka zake walikuja na gari, kama mjomba wangu. Nikaenda nikakaa mlangoni, nikawaambia, "Kunyweni chai kwanza, wanangu," nikawasimulia ya kirikuu. Wakaondoka na gari tupu, wamenuna. Yeye kabaki chumba cha uani, mume yuko cha mbele, hawasemezani. Ijumaa iliyopita kaleta mchele kilo 5 na chupa ya mafuta, kaviweka kizingitini, kaenda zake msikitini. Bibie kavitia ndani, kapika.