Aliyemfungia mgonjwa akaenda harusini: je, ana dhima?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu alikuwa amepooza, hawezi hata kuinua mkono. Dada yetu alikuwa akimlea hapa Mombasa kwa pesa tunazotuma sisi kaka zake. Alikwenda harusini Malindi, akafunga mlango, akaacha mkate na maji mezani. Siku ya tatu aliporudi alimkuta amefariki. Ana dhima?

JIBU: Waalaykum salaam. Allah amrehemu mzee wenu.

Kwa mlivyoeleza, hasalimiki. Imamu Nawawi katika kitabu chake cha fiqhi, Minhaj, anasema aliyemfungia mtu akamnyima chakula na maji mpaka akafa, hutazamwa muda. Ukiwa ni muda ambao mtu wa hali ile kwa kawaida hufa, ni kuua kwa makusudi. Ukiwa mfupi zaidi, ni kunakofanana na makusudi. Aliye na chakula akakataa kula kwa hiari yake, damu yake haidaiwi. Hapa wengi huteleza: mkate wa mezani kwa asiyeinua mkono ni kama haukuwekwa. Na muda wa mzee aliyepooza haupimwi kwa kijana mzima.

Basi tafuteni kwanza ripoti ya daktari. Huenda maradhi ndiyo yaliyomuua usiku wa kwanza. Hapo inabaki dhambi ya kumtelekeza, ambayo nayo si ndogo.

Ikithibiti ni njaa au kiu, ana kafara: kwa kuwa leo hakuna mtumwa wa kuacha huru, afunge miezi 2 mfululizo. Kwa Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, hakuna kulisha masikini badala yake. Hedhi haikati mfululizo, lakini kula siku moja bila udhuru humrudisha mwanzo. Asianze Shaabani wala Dhulqaada. Ramadhani au Idi itamkatia.

Dia, yaani fidia ya damu, ni ngamia 100 au thamani yake, haki ya warithi. Kila mmoja aweza kusamehe fungu lake, ila fungu la mtoto mdogo halisamehewi na mtu. Dada mwenyewe harithi kitu, hata ikiwa hakukusudia.

Mirathi mpelekeeni kadhi. Jinai si mamlaka yake: kifungu cha 216 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinambebesha mlezi wa asiyejiweza matokeo ya kutompa mahitaji yake, awe analipwa au halipwi. Msiyafiche nyumbani.

Nanyi kaka zake, nafaqa, yaani matunzo ya lazima, ya mzazi aliyepooza ni pamoja na mtu wa kumhudumia. Kama mlijua anasafiri na hamkuweka mtu wa zamu, tubuni pia.