Ndoo Mbili Mlangoni

Swali la wiki hii linauliza: "Imani yako ilipotikisika, ulibaki na lipi la kumshukuru Mungu?" Nililisoma asubuhi nikaliweka kando, jioni nikalirudia, kwa sababu limenirudisha Desemba 2009, mwezi ambao Unguja yetu ilikatikiwa umeme unaotujia kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, tukakaa gizani miezi mitatu.

Mume wangu alikuwa katika mwaka wa pili wa kulala kitandani kwa kiharusi, upande mzima umepooza, na mimi, niliyebatizwa na kupata kipaimara katika kanisa la Mtakatifu Yosefu, lile ambalo mji mzima huliita Minara Miwili, nilikuwa nimeshamaliza novena zote ninazozijua. Sikuacha kuamini kwa siku moja yenye tarehe. Ilikuwa tu kwamba kila Jumapili, tulipofika kwenye "Nasadiki kwa Mungu mmoja", sauti ilinikatika, nikabaki nimesimama nawasikiliza wenzangu wakisadiki. Hata misa ya Krismasi ya mwaka ule niliisali hivyo, nusu ya maneno yangu, nusu ya watu.

Giza lenyewe halikututisha sana, kwani koroboi tumezaliwa nazo. Taabu ilikuwa maji, maana mashine za kuyasukuma nazo huendeshwa kwa umeme, na mgonjwa wa kiharusi hutumia maji mengi kuliko watu wazima watatu: shuka zinafuliwa kila siku, mwili unafutwa asubuhi na jioni, anageuzwa na kufutwa tena, vidonda vya kulala visije vikaanza. Katika hali hiyo mtoto wa jirani yangu wa nyumba ya pili, kijana wa madrasa, akaanza kunichotea ndoo mbili kisimani kila baada ya sala ya Alfajiri. Alizitua mlangoni, akabisha, akaondoka kabla sijafungua. Siku moja nikampelekea mama yake mkate wa ufuta, ambao ndio biashara yangu, na ambao kwa bahati hupikwa kwa makaa wala hauna habari ya umeme. Aliupokea kwa mikono miwili, akaniambia: "Usinishukuru mimi, dada. Hiyo ni riziki yenu ya leo, imepitia kwetu tu."

Neno lile lilinigutusha. Katika misa sisi husali "utupe leo mkate wetu wa kila siku", nami ninayekanda unga kila alfajiri sikuwahi kuufikiria mkate huo kuwa kitu zaidi ya mkate. Lakini Biblia iliyokuwamo nyumbani, ile tafsiri ya zamani inayosomwa sana na ndugu zetu Waprotestanti, katika Mathayo 6:11 husema: "Utupe leo riziki yetu." Riziki si akiba. Ni fungu la siku, nawe hujui litaingia kwa mlango gani. Usiku ule, nikiwa nimekaa kando ya kitanda, niliona kwamba hilo ni ombi ninaloweza kulitamka bila kudanganya, kwa sababu halikunidai nieleze kwa nini mtu mwema amelala kama gogo, wala halikunidai niwe na hakika ya kesho. Liliniomba nikiri ndoo mbili, na ndoo nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Wapo walionitembelea kwa nia njema wakanihimiza nimshukuru Mungu kwa ugonjwa wenyewe, wakinisomea 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo". Sikuwajibu, niliwamiminia chai. Miaka baadaye padri mmoja mzee alinieleza kwamba katika Kigiriki cha Paulo maneno hayo ni "katika kila jambo", na kwamba "kwa" yetu ya Kiswahili inabeba maana nyingi mno kwa mzigo wa namna hiyo. Mimi si msomi wa lugha, lakini nilishusha pumzi. Ndani ya ugonjwa nilishukuru, tena mara nyingi: kwa sabuni, kwa usiku aliolala bila kuugua, kwa kijiko cha uji kilichomezwa bila kumpalia. Kwa ugonjwa sikuwahi kushukuru, na sidhani kama nitashukuru.

Alifariki mwishoni mwa Februari. Umeme ulirudi Machi, na feni ya chumbani, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima swichi yake tangu Desemba, ikaanza kuzunguka juu ya kitanda kitupu. Majirani walikuwa wakishangilia barabarani. Mimi niliikasirikia ile feni kama mtu aliyechelewa maziko, nikaenda kuizima.

Kesho yake alfajiri ndoo mbili zilikuwa mlangoni kama kawaida, ingawa mfereji ulikuwa umeshaanza kutoa maji. Niliyamimina kwenye pipa nikasali Baba Yetu kwa neno la jirani, na nyumbani nasali hivyo mpaka leo. Kwenye Nasadiki sauti imenirudia; ila zipo Jumapili ambazo bado hunikatika, na nikifika hapo huwaachia wenzangu.