Jibu: Nimeachishwa kazi bandarini, maombi hayatoki

Ndugu yangu, umeuliza kama ufunge siku tatu kavu ili nguvu irudi. Na joto hili la Mombasa? Usianze hapo. Katika 1 Wafalme 19 Eliya anaomba afe, naye malaika anampa mkate na maji, analala, anakula tena. Safari ya siku 40 inafuata baadaye. Kwa hiyo kula, lala, kisha alfajiri soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari 6 tu, na "hata lini" imo mara nne. Wengi hukwama kwa kurukia mstari wa 5, wa furaha, kabla hawajalia. Wewe kaa kwenye ule wa kwanza hata wiki nzima. Ukiwa kwenye feri ya Likoni, urudie kimoyomoyo.