Uvimbe laini kichwani kwa mtoto: vuta nywele kwanza, wembe baadaye

Mkuu, kwa ufupi swali lako ni hili: mtoto wa miaka 6, kilo 18, ana uvimbe laini kisogoni unaotoa usaha, nywele zimenyonyoka juu yake, amemaliza amoksilini ya siku 7 bila nafuu, na sasa mmeambiwa ukapasuliwe. Msipasue kwanza. Maelezo hayo yananukia fangasi kuliko jipu. Ni mapunye yaleyale (wengine mnaita mashilingi), ila yamezama kwenye mashina ya nywele na kinga ya mwili imeyashambulia kwa nguvu. Madaktari wa ngozi huiita kerioni.

Jipu huanza gumu na la moto, kisha huiva na kutoa kichwa. Kerioni ukiibonyeza inabonyea kama sponji iliyolowa, na usaha unachuruzika kwenye vitundu vingi kama chujio. Shika nywele chache zilizobaki juu ya uvimbe, uzivute taratibu. Zikitoka bila mtoto kushtuka, uwezekano kuwa ni kerioni unaongezeka sana. Kagua na sehemu nyingine za kichwa: mabaka yenye magamba, au nywele zilizokatikia kwenye ngozi zikabaki vidoti vyeusi. Tezi za nyuma ya masikio na shingoni nazo huvimba. Muulize pia kama anachezea paka au ndama, maana fangasi wa wanyama ndio huvimbisha zaidi.

Ukipasua hukuti shimo moja la usaha la kukamua. Unapata damu, kidonda, na baadaye kovu lisiloota nywele. Amoksilini nayo huua bakteria, fangasi haimgusi. Dawa za kuua bakteria zina kazi tu kama bakteria wameingia juu ya fangasi: ukoko mzito wa njano, ngozi ya pembeni kuwa moto, homa.

Kipimo ni rahisi: maabara ing'oe nywele kadhaa na kukwangua magamba, itazame kwa darubini baada ya kuzitia KOH (kemikali inayolainisha nywele na magamba ili fangasi aonekane). Usaha peke yake mara nyingi hudanganya. Lakini kama dalili zote zipo, matibabu hayasubiri majibu, kwa sababu kila wiki inayopita inaongeza uwezekano wa kipara cha kudumu.

Dawa lazima imezwe. Krimu za kupaka haziingii ndani ya unywele alikojificha fangasi, ingawa ndizo utakazouziwa kwanza dukani. Griseofulvini ni miligramu 10 hadi 20 kwa kila kilo kwa siku, wiki 6 hadi 8. Kwa kilo 18, miligramu 250 kwa siku, yaani nusu ya kidonge cha 500, iko katikati ya kiwango hicho. Daktari ndiye atakayeithibitisha, hasa kama mtoto ana shida ya ini. Ampe pamoja na chakula chenye mafuta: maziwa, parachichi, karanga. Akimeza tumbo tupu, sehemu kubwa ya dawa hainyonywi, halafu watu husema dawa ni feki. Terbinafini ni mbadala mzuri (chini ya kilo 20, robo ya kidonge cha 250 kwa siku, wiki 4), ila kwa fangasi wa paka griseofulvini ina nguvu zaidi.

Kichwa kioshwe mara 2 kwa wiki kwa shampuu ya ketokonazoli 2%, povu likae dakika 5. Hiyo haiponyi, inapunguza kuambukiza wengine. Ukoko ulainishe kwa maji ya uvuguvugu, usiubandue kwa kucha. Msimpake kitunguu saumu kibichi, kinaunguza ngozi, wala oili chafu, hiyo ni ya gari.

Jambo moja linalowapoteza wengi: siku chache baada ya kuanza dawa, vipele vidogo vinavyowasha vinaweza kutokea masikioni, usoni au mwilini. Mara nyingi hiyo ni mwili kuitikia fangasi, si mzio wa dawa. Mwonyeshe daktari kabla ya kuikatisha. Ila akivimba midomo au kushindwa kupumua, acha dawa na kimbilia hospitali.

Uvimbe kichwani kwa watu wazima ni jambo tofauti. Kigololi laini kwa juu, kisichouma, chenye nywele zake, kwa kawaida ni kifuko cha uchafu wa ngozi. Hutolewa kwa ganzi, kifuko kizima, la sivyo kinarudi. Kukiminya kunakipasukisha ndani. Na uvimbe wa katikati ya kichwa aliozaliwa nao mtoto, unaotuna akilia, asiuguse mtu kabla ya picha: unaweza kuwa umeungana na ubongo.

Ukirudi nyumbani, kagua vichwa vya ndugu zake wote. Vitana viloweke dakika 10 kwenye jiki, sehemu 1 kwa maji sehemu 9, baada ya kutoa nywele zilizonasa. Mtoto akinyolewa, awe na mashine yake.