Shoti ya droo imewagombanisha makeshia wangu, niwapatanishe vipi?

Swali: Nasimamia supamaketi ndogo jijini Mwanza. Makeshia wawili wanapokezana droo moja, saa 8 mchana. Shoti, yaani upungufu wa fedha kwenye droo, inajitokeza mara mbili tatu kwa wiki, kati ya Sh 5,000 na Sh 20,000, na bosi ameagiza wakatwe nusu kwa nusu. Sasa hawasalimiani, wanarushiana vijembe kwenye grupu la WhatsApp. Niliwaita wote ofisini wakazozana mbele yangu. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu meneja, kabla ya kuwapatanisha, ondoa kinachowagombanisha. Droo moja ikishikwa na watu wawili, halafu hasara ikagawanywa nusu kwa nusu, kila mmoja atamwona mwenzake mwizi hata kama hakuna aliyeiba. Ukiwaambia “sameheaneni, yaishe”, shoti ya Jumatano itawarudisha palepale.

Anza na makato. Mweleze bosi, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hairuhusu kukata hasara kienyeji. Mfanyakazi akubali kwa maandishi. Hasara iwe imetokana na kosa lake. Apewe maandishi yanayoonyesha chanzo, kiasi na hesabu yake. Apate nafasi ya kupinga. Na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Nusu kwa nusu haipiti hapo, maana hujui kosa ni la nani.

Kisha kila keshia awe na trei yake ya fedha na chenji yake ya kuanzia. Saa 8 kasoro robo anayetoka atoe ripoti ya X, ya mauzo hadi saa hiyo, kwenye mashine (ya Z inafunga siku, iache hadi usiku). Wahesabu wote wawili, noti kwa noti, kuanzia 10,000 hadi sarafu za 50, na wasaini karatasi moja. Hesabu ni hii: chenji ya kuanzia, jumlisha mauzo, toa yaliyolipwa kwa simu (lipa namba), toa vocha za matumizi, yaani karatasi za fedha zilizotoka droo kulipia kitu. Mfano: 50,000 + 640,000 − 185,000 − 12,000 = 493,000. Sasa tuseme ile 12,000 alipewa bodaboda aliyeleta mzigo na hakuna aliyeandika vocha. Karatasi itadai 505,000, droo ina 493,000, na umepata “mwizi” wa Sh 12,000. Makosa mengine ya kawaida ni malipo ya lipa namba kuingizwa kama taslimu, na mteja wa “nitaleta jioni”.

Utaratibu huo ukianza tu, ongea na kila mmoja peke yake, dakika 20 hadi 30, wote siku ileile, ili wa pili asifike akiwa ameshasimuliwa. Waulize maswali yaleyale: umeona nini kwa macho yako, umesikia nini, unataka nini kibadilike kesho? Andika majibu. “Anajifanya msafi” si tukio. “Jumatatu aliniachia droo bila kuhesabu” ni tukio, na linarekebishika. Usibebe maneno ya mmoja kwenda kwa mwenzake, hata yale mazuri, yatafika yamepinda. Kikao hiki cha faragha kina uzito zaidi mmoja akiwa mkubwa kwa umri: mdogo hatamkosoa mkubwa wake mbele ya meneja, atanyamaza, nawe utadhani amekubali.

Wakutanishe baada ya karatasi za wiki nzima kupatikana. Usichague saa ya kupokezana zamu. Simu zikae nje. Waketi upande mmoja wa meza, karatasi ziwe mbele yao, ili wabishane na hesabu badala ya kukodoleana macho. Kila mmoja aseme dakika 5 bila kukatizwa. Kuomba radhi kuje kwenyewe. Radhi ya kulazimishwa mbele ya bosi huzaa kinyongo. Mnachohitaji ni mistari mitatu iliyosainiwa: droo inakabidhiwaje, shoti anaambiwa nani kwanza (wewe, siku hiyohiyo), na kwamba habari za fedha haziandikwi kwenye grupu. Hilo la grupu ulitangaze kwa wafanyakazi wote, wasione limetungwa kwa ajili yao wawili. Pangeni kabisa tarehe ya kukutana tena, wiki mbili mbele.

Karatasi zikionyesha shoti inamfuata mtu mmoja, trei yake peke yake, acha usuluhishi. Lakini hiyo bado si ushahidi wa wizi: kagua kwanza vocha na miamala yake ya lipa namba. Ukipata tuhuma yenye ushahidi, mpe barua inayotaja kosa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na haki ya kuja na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye kikao cha nidhamu. Yule keshia mwingine aje kama shahidi tu, asikae kwenye jopo.